Tukipeleka watoto baharini

Wamama wapenzi, likizo kubwa inakaribia, na wengine kati yetu watapita Dar es Salaam kwenda kusalimia ndugu Unguja. Sisi tuliozoea ziwa tunadhani maji yote ni mamoja. Sivyo! Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Upande wa mashariki, kama Paje, maji hurudi mbali sana. Watoto wanaenda kuokota makombe, na maji yanajaa nyuma yao. Mwaka jana tulimtoa mtoto wetu begani, maji yakiwa yametufika kifuani. Sasa, kabla ya kuwaachia watoto, tunawauliza wavuvi: maji yanajaa saa ngapi?

Mengine ni haya. Chanjo ya homa ya manjano tuipate siku 10 mbele ya safari, na karte yake tuichunge pamoja na pasipoti. Tangu Oktoba 2024, mgeni wa Zanzibar analipa pia bima, dola 44 kwa mtu mzima. Saa sita mpaka saa tisa watoto wakae kivulini, wanywe maji safi mara kwa mara. Na kitenge tusisahau: mjini kinafunika mabega, pwani kinawafunika watoto jua.

Twende salama, turudi na wote.