Reli Iliyogeuzwa Kuwa Njia ya Miguu

Katika jimbo la Virginia, nchi ya Marekani, iko njia nyembamba iitwayo Washington and Old Dominion. Urefu wake ni maili 45. Yaanzia Shirlington, karibu na mji mkuu wa Washington, nayo yaishia Purcellville, mji mdogo ulio upande wa milima ya Blue Ridge. Imetiwa lami kotekote, lakini motakaa haziruhusiwi kupita. Hupita watu wa miguu, na wapanda baisikeli, na akina mama wasukumao vigari vya watoto, na wasioweza kutembea, wakiwa katika viti vyao vya magurudumu. Hata farasi wana njia yao ya changarawe kando yake kwa sehemu kubwa ya safari.

Hapo zamani palikuwa na reli mahali hapo. Gari la moshi lilifika Leesburg mwaka 1860, na mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, reli ikaharibiwa. Baada ya vita ikatengenezwa tena, ikafika Purcellville mwaka 1874. Wakulima walipeleka maziwa yao mjini kwa gari hilo, na watu wa mjini walilipanda wakati wa joto kwenda kutafuta baridi ya milimani. Kisha motakaa zikawa nyingi, abiria wakapungua, na mwaka 1968 gari la mwisho likapita. Reli na mataruma yakang'olewa.

Hapo ndipo hatari ilipokuwa. Shamba likigawanywa na kuuzwa vipande vipande, kila kipande chaweza kulimwa bado. Njia sivyo. Ikikatwa mahali pamoja tu, si njia tena, bali ni vipande viwili visivyofika po pote. Tena mahali palipokwisha kujengwa nyumba na maduka, nani atayabomoa ili watu wapite? Kwa kweli sehemu moja upande wa Washington ilichukuliwa kwa ajili ya barabara kuu ya motakaa, wala haikurudi. Sehemu kubwa iliyobaki ilinunuliwa na kampuni ya umeme ipate mahali pa kupitisha nyaya zake, na baadaye halmashauri ya bustani za watu wote ikainunua kwa kampuni hiyo. Nyaya zingali zikining'inia juu ya wapitao. Hazipendezi macho, lakini nguzo zile ndizo zilizoiweka ardhi isigawanyike. Kipande cha kwanza cha njia kilifunguliwa katika mji wa Falls Church mwaka 1974, na mwaka 1988 njia ikafika Purcellville.

Wako watu wasemao kwamba njia iliyo rahisi hivi ni ya wavivu. Maneno hayo hayana haki. Mwenye nguvu na apande Blue Ridge; hakuna amzuiaye. Lakini mzee mwenye fimbo, na mtoto wa miaka minne, waende wapi? Gari la moshi haliwezi kupanda mlima wa ghafula, na kwa sababu hiyo wale waliojenga reli walikata vilima na kujaza mabonde kwa udongo. Jasho lao, lililomwagika kwa ajili ya injini, leo lampunguzia mzee taabu ya magoti. Mwinuko upo, hasa magharibi ya Leesburg kuelekea Clarks Gap, lakini ni wa polepole.

Wala urahisi haukuondoa uzuri. Mtu hutoka katikati ya maduka ya Vienna au Herndon, ambako stesheni za zamani zingaliko, na baada ya mwendo mfupi yumo katika kivuli cha mialoni, akisikia vyura kijitoni. Asubuhi huweza kumwona ayala akivuka. Mbele zaidi liko daraja juu ya mto Goose Creek, kisha mashamba.

Jambo moja lataka kuangaliwa sana. Baadhi ya wapanda baisikeli huenda kana kwamba wanafukuzwa na simba, na mtoto hawezi kuruka upesi kama kuku. Amri za njia ni kushika upande wa kuume, na anayetaka kumpita mwenzake apige kengele au atoe sauti kwanza. Amri hizo ni njema, ila kengele haimpi mtu ruhusa ya kupita kwa kishindo. Ni wajibu wa aliye na mbio kumngojea aendaye polepole, kwa kuwa yeye ndiye awezaye kuumiza. Katika Falls Church njia imegawanywa, baisikeli zina yake na watu wa miguu wana yao. Fedha zilizotumika hapo hazikupotea, na miji mingine iliyo na msongamano kama huo ingefaa kufanya vivyo hivyo kabla mtoto hajavunjika mguu.