TAHARIRI: WATOTO WANARUDI, TUKAE NAO VIPI?



Desemba imeingia. Kahawa ya mwisho iko kwenye vichanja, na kila jioni pale njia panda gari zinapanda kutoka Dar es Salaam, Arusha, Tanga na Mwanza. Mlima mzima unajaa watu. Treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba ya mwaka 2019, baada ya kukosekana miaka mingi, hata wenye nauli ndogo walipata kufika. Watu wa mikoa mingine hututania kwamba Mchaga asipoonekana kwao Krismasi basi ama amefungwa ama amefilisika. Utani huo hautuudhi. Kurudi nyumbani ni jambo zuri na tuendelee nalo.

Lakini tunauliza: mtu anapanda mlima, anakula, anakunywa, tarehe 2 Januari anashuka. Je, anashuka yule yule aliyepanda?

Tuanze na wazee. Wako wazee humu kijijini ambao tangu Januari hawajaonwa na mtoto hata mmoja. Fedha zinaletwa kwa simu, tunashukuru, maana dawa zinanunuliwa na paa linazibwa. Hata hivyo mzee anataka mtu wa kumwuliza mgomba ule pale nyuma ulianguka lini, na ng'ombe anakula nini siku hizi. Katika darasa letu la watu wazima wako akina mama wawili waliojiandikisha kwa sababu moja tu: wamechoka kusomewa na jirani ujumbe wa watoto wao. Sasa wanasoma wenyewe, polepole, herufi kwa herufi. Basi ninyi watoto, mkiandika, andikeni maneno ya kusomeka. "Mama nimetuma" mtu anaimaliza mara moja, halafu jioni nzima imebaki.

Tuje kwenye nyama, maana bila nyama mtasema hatukuandika habari za Krismasi. Kwa kawaida yetu, familia nyingi humwita ndugu Mwislamu achinje ili kila atakayepita aweze kula, na hivyo ndivyo ujirani unavyotakiwa kuwa. Kisha nyama inagawiwa, na kila kipande kina mwenyewe. Wazee wanajua kipi cha baba, kipi cha shangazi, kipi cha mjomba, na kipi cha yule aliyeshika kamba. Mtoto aliyekulia mjini anadhani nyama inagawiwa kwa kilo. Hebu wazazi, msiwaache vijana wakae garini na simu wakati nyama inakatwa. Wasogeeni, waulizwe majina ya ukoo, halafu wapewe kipande wakipeleke kwa shangazi kule bondeni. Kijana akirudi kutoka huko amejua njia, amejua jina, tena amejua kwamba shangazi anaumwa mguu na hana kuni. Kesho atampelekea kuni bila kutumwa. Huyo sasa ameanza kuwa mtu mzima, awe na miaka kumi na minne au arobaini.

Sasa neno gumu. Ndugu wanakijiji, Desemba ndiyo mwezi wa ugomvi wa vihamba. Kila mtu yupo, pombe ipo, na vihamba ni vidogo, vimegawanywa na kugawanywa tena. Desemba iliyopita ndugu wawili walisukumana mbele ya mama yao kwa sababu ya mpaka wa hatua tatu. Majina hatutaji. Mmoja alirudi mjini usiku ule ule, na mpaka leo wajukuu wa mama yule hawajuani. Hatua tatu jamani! Hata migomba miwili haitoshi kukaa hapo vizuri.

Jani la isale wote tunalijua. Ndilo linalotuonyesha mpaka, ndilo linalopandwa kwenye makaburi ya wazee wetu, na ndilo analolishika mtu akienda kuomba radhi. Waliotutangulia hawakuwa wajinga kulipa jani moja kazi zote hizo. Aliyeletewa isale na akalikataa, ukoo wote ulimshangaa. Kwa hao ndugu wawili isale bado halijakatwa, na mama yao ni mzee sana. Desemba zake tusizihesabu kuwa nyingi. Yeyote kati yao atakayetangulia kwenda, sisi hatutauliza nani alikuwa na haki ya zile hatua tatu.

Tunaongeza hili, maana wako wanaotumia sikukuu kuwasukuma dada zao na wajane. Ati "mila". Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Mjane aliyelima kihamba miaka thelathini asitolewe jasho na shemeji aliyekuja juzi na gari la kuazima. Kama neno limeshindikana nyumbani, liko Baraza la Ardhi la Kijiji, watu saba, na watatu kati yao ni akina mama. Kazi yake ni kusuluhisha. Nendeni asubuhi, kabla ya mbege. Mambo ya shamba yakizungumzwe kwenye kata, ya tatu au ya nne, hakuna atakayekumbuka alichokubali.

Kuna wanaosema sikukuu ni ya kupumzika, haya mengine yangoje. Yangoje nani? Januari mlima ni mtupu. Siku ambazo ndugu wote wako chini ya paa moja hazifiki kumi kwa mwaka mzima.

Kwa hiyo, tukishirikiana na Kamati ya Ushirika, tumepanga hivi. Tarehe 27 Desemba, saa moja asubuhi, watu wote wenye nguvu, wa hapa na wa mjini, tukutane kwenye banio la mfereji wa juu tuzibue matope. Majembe yatatoka ghalani. Wenye sururu waje nazo. Viatu vya mjini viachwe nyumbani. Mchana tutagawana kwa makundi, kila kundi lipitie wazee wanaokaa peke yao: kupasua kuni, kufunga mgomba ulioinama, kuteka maji. Orodha ya nyumba hizo iko kwa mtunza ghala. Anayejua nyumba tuliyoisahau aongeze jina kwa kalamu hapo chini ya karatasi hii, aandike kwa herufi kubwa.

Katibu wa Chama, Tawi