Breka Haina Kosa

Kwa majuma matatu breka ya soketi nyumbani kwangu ilikuwa ikijizima kila jioni, na kwa majuma matatu mimi, niliyefundisha sayansi na kuongoza chuo cha ualimu mpaka nikastaafu, nilikuwa nikienda kuiwasha tena huku nikiilaani. Hatimaye nikamwita fundi, kijana mwenye adabu. Alinipa shikamoo yangu, akakitazama kisanduku kidogo, akatoa hukumu: "Breka hii ndogo, Mwalimu, ni ya ampea 16. Tuweke ya 32, usumbufu utakwisha."

Nakiri nilikaribia kukubali. Lakini neno lile "usumbufu" lilinichoma, kwa kuwa nimewahi kulitumia mwenyewe.

Miaka ile chuoni, fyuzi ya bweni moja ilikuwa ikiungua kila usiku wakati wa mitihani. Wanachuo walikuwa wakichemsha maji kwa hita walizozificha chini ya vitanda, nami nilijua. Badala ya kwenda kugombana nao, nilimruhusu mtunza stoo afunge waya mnene mahali pa waya wa fyuzi. Usumbufu ukaisha. Usiku wa nne mlinzi akanusa harufu. Plastiki ya nyaya ilikuwa imeyeyuka darini, juu ya vichwa vya vijana waliolala. Hakuna aliyeumia. Katika taarifa yangu niliandika "hitilafu ya umeme", na huo ulikuwa uongo.

Kwa hiyo nasema, na atakayekasirika akasirike: fundi anayeweka breka kubwa bila kutazama unene wa waya anaandaa moto, na mwenye nyumba anayemlipa ni mshirika wake. Breka haikuwekwa ili kulinda jiko wala friji. Kazi yake ni kulinda waya uliozikwa ukutani, usioonekana na mtu.

Swali la kwanza ni rahisi, hata mtoto wa darasa la saba angeliuliza: inajizima papo hapo, au baada ya muda? Ikijizima papo hapo, huenda nyaya zimegusana mahali fulani. Hapo chomoa kila kitu, iwashe, kisha rudisha kimoja kimoja mpaka mkosaji ajulikane. Ikikataa hata soketi zikiwa tupu, kosa liko ukutani, mwachie fundi. Yangu ilikuwa ikingoja dakika kadhaa. Nikachukua kalamu. Jiko la plati mbili, wati 2,500. Birika, 2,000. Pasi, 1,200. Jumla 5,700, gawanya kwa volti 230, unapata karibu ampea 25. Vyote vilikuwa vikiwaka saa ile ile moja ya jioni, mama akipika na wajukuu wakipiga pasi sare za shule. Nikamwomba kijana azime swichi kuu, afungue soketi. Waya ulikuwa wa milimita 1.5 za mraba. Nyumba hii niliijenga nikiwaza taa na redio! Breka ya 32 ingekaa kimya, waya ukichemka.

Dawa ilikuwa kuvuta laini ya peke yake kwa ajili ya jiko, waya wa milimita 4 za mraba pamoja na breka yake. Gharama yake si ndogo, na mama alinikumbusha hivyo zaidi ya mara moja.

Kijana aliporudi kuifanya kazi hiyo, nilikuwa na breka kuukuu mezani. Tukaivunja kwa koleo. Ndani mna kijiti chembamba cha metali mbili zilizogandamana. Mkondo ukizidi hupata moto, kikapinda, kikaachia kufuli. Nikakipitisha juu ya mshumaa, kikapinda mbele ya macho yake.

"Hiki tulikichora shuleni," akasema. "Shaba na chuma. Nilipata alama zote."

Nikamuuliza kama mwalimu wake aliwahi kuwaambia kinatumika wapi. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza mwalimu huyo alisomea ualimu wapi, akanitajia chuo changu, na miaka niliyokuwa mkuu.