Tumsikilize Brenda Kabla ya Kumsimulia

Likitajwa jina la Brenda Fassie, mwimbaji wa Afrika Kusini, mazungumzo hayachukui muda kuhama. Yataanzia kwenye nyimbo, lakini punde si punde yamefika kwenye dawa za kulevya, wapenzi wake, vituko vya jukwaani, na kifo kilichomkuta tarehe 9 Mei 2004 akiwa na miaka 39. Jarida la Time lilipomwandika mwaka 2001 lilimpa jina la kuazima, Madonna wa vitongoji, na jina hilo limemganda hadi leo. Mwanamume akiimba huandikwa kazi yake. Mwanamke akiimba huandikwa chumba chake cha kulala. Toleo hili la albamu za wanawake limezaliwa na uchungu huo, na mimi kama mhariri nachukua nafasi hii kuitetea albamu moja tu: Memeza, ya mwaka 1997.

Ninachodai ni hiki: Memeza ni kazi ya ufundi. Iliongoza mauzo ya albamu Afrika Kusini mwaka 1998, na wimbo wake mkuu, Vulindlela, ukavuka mipaka hadi kwenye kumbi za harusi za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Bado tumezoea kuisimulia kama bahati ya mwanamke aliyekuwa amepotea akaokolewa. Masimulizi ya namna hiyo yanamnyang'anya jasho lake.

Brenda alizaliwa mwaka 1964 Langa, kitongoji cha Cape Town, akapewa jina la mwimbaji wa Marekani, Brenda Lee. Mama yake alikuwa mpiga piano, na mtoto akakua akiimba mbele ya watalii huku mama akimpigia. Alipoondoka kwenda Johannesburg akiwa kijana wa miaka kumi na sita, alikuwa tayari amefundwa na jukwaa, anajua hadhira huchoka wapi na huamka wapi. Mwaka 1983, akiwa na kundi la Big Dudes, alitoka na Weekend Special, wimbo uliotungwa na Melvyn Matthews kuhusu mwanamke aliyechoka kutembelewa mwisho wa wiki tu. Muziki wa aina ile, wa vinanda vya umeme na mapigo ya mashine, uliitwa bubblegum, kana kwamba ni kitu cha kutafuna na kutema. Waliouita hivyo hawakuutazama kwa makini. Mtayarishaji Sello "Chicco" Twala aliimba mwaka 1987 kuhusu mpenzi aliyetoweka aitwaye Manelow, na wasikilizaji wakajua kwamba anayekumbukwa ni Mandela, aliyekuwa bado gerezani. Anayeweza kupitisha jambo zito hivyo ndani ya wimbo wa kucheza huipima kila silabi. Chicco huyo ndiye aliyefanya kazi na Brenda mwishoni mwa miaka ya 1980, na ndiye aliyeitayarisha Memeza.

Ilipofika katikati ya miaka ya 1990 vijana wa Soweto walikuwa wamehamia kwaito: mapigo ya polepole, besi nzito, maneno ya mtaani yaliyosemwa zaidi kuliko kuimbwa. Brenda alikuwa amevuka thelathini, na wengi walishamzika kisanii. Njia rahisi ilikuwa kujifanya kijana. Brenda na Chicco walichukua uzito wa besi ya kwaito, kisha juu yake wakarudisha kile ambacho kwaito ilikuwa imekiweka kando: sauti inayoimba kwa nguvu zote, na waitikiaji wanaoijibu. Kiingereza kilichompa umaarufu mwaka 1983 kikapisha lugha za nyumbani, Kixhosa na Kizulu.

Sasa usikilize Vulindlela, hata kama umeucheza kwenye harusi mara nyingi kiasi cha kudhani unaujua. Anayeimba ni mama mzazi. Mwanawe anaoa leo, na mama huyo anamtaka mbeya wa mtaa ampishe njia na asimwonee kijicho, maana waliosema kijana huyu hataoa wameaibika. Wimbo wa pop humpa mwanamke nafasi mbili, kupendwa au kuachwa, na Brenda alikuwa ameziimba zote. Mwaka 1989, katika Too Late for Mama, alikuwa msimulizi wa kisa cha mama aliyepigwa na radi akienda kuteka maji. Hapa amekwenda mbali zaidi. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nyota wa jukwaa aliyezoea kutamaniwa, anajivika umri wa mama mkwe na kuudai mtaa mzima kwa ajili ya furaha yake. Uamuzi huo ni wa kisanii, tena wa kijasiri, na sijaona ukisifiwa inavyostahili.

Sauti yenyewe ina mikwaruzo, na Brenda haifichi. Anapopanda, koo linaonekana kukaribia kupasuka, kisha waitikiaji wanampokea na wimbo unatulia kwenye mapigo. Ushangiliaji wa harusi umejengwa ndani ya mpangilio wa muziki, ndiyo maana huku kwetu hatukuhitaji mkalimani. Na kusema kweli, sikio la pwani lilikuwa tayari limefunzwa. Aliyekulia kwenye taarab anamtambua mara moja mwanamke anayeimba kwa furaha huku akimtupia jirani kijembe. Wengi wetu hatukuelewa maneno, lakini tulijua kabisa kwamba kuna mtu anapashwa.

Wimbo uliobeba jina la albamu unaishi upande wa pili wa furaha hiyo. Huko anaimba mtu anayepaza sauti bila kusikilizwa. Ndipo ninapokubali maisha yake yaingie, kwa sababu wimbo wenyewe umeyaita. Tofauti ni kubwa kati ya kuyafuata maisha ya msanii pale kazi yake inapokupeleka na kuyatanguliza ili kazi isibaki na la kusema.

Wapo watakaouliza kama sifa hizi si za Chicco. Ni swali la haki, na wanawake wengi wa muziki wamezimwa nalo. Mtayarishaji anapanga mapigo na kuchagua vinanda. Hawezi kumpa mwimbaji ule ujasiri wa kuchelewa kidogo nyuma ya mdundo, wala hatii ndani ya koo la mtu mwingine kicheko kilichochanganyika na hasira. Chicco aliwatayarishia waimbaji wengi. Memeza aliitoa na huyu.

Waandishi wa makala zinazofuata tuliwapa sharti moja: waisikilize albamu yote, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kabla ya kufungua faili la magazeti. Tuliwaomba pia wataje nani alitunga, nani alitayarisha na nani aliitikia, maana waitikiaji, wengi wao wanawake, ndio wanaosahaulika mapema zaidi. Baadhi ya waandishi wamefikia hukumu nisizokubaliana nazo hata kidogo. Nimeziacha kama zilivyo, kwa kuwa zimetokana na kusikiliza.