Ukoka wa jangwani

Wadau, leo kero yangu ni ukoka. Ndiyo, haya majani tunayopanda mbele ya nyumba ili mgeni akifika ajue hapa kuna mtu.

Nimekuwa nikifuatilia habari za Las Vegas, Marekani. Mji ule uko katikati ya jangwa la Mojave, na mvua yake ya mwaka mzima ni kama milimita 100 tu. Asilimia 90 hivi ya maji yao hutoka Mto Colorado, mto unaogawanywa kwa majimbo saba na Meksiko. Fungu la jimbo lao, Nevada, ni dogo kuliko ya wenzake wote. Pamoja na shida hiyo walipanda majani kila mahali, hata katikati ya barabara! Mita moja ya mraba hunywa kama lita 3,000 kwa mwaka.

Kilichonishangaza ni hiki: maji ya kuogea na kufulia hawayapotezi. Yakishaingia kwenye mabomba ya majitaka, karibu yote husafishwa, na mengi hurudishwa Lake Mead, ziwa wanalochotea. Lakini ukimwagilia majani, jua linayabeba. Ndiyo basi tena.

Tangu 1999 mamlaka ya maji ya kule imekuwa ikiwalipa watu wang'oe majani yao. Mwaka 2021, serikali ya Marekani ilipotangaza kwa mara ya kwanza upungufu rasmi wa maji ya mto huo, Nevada ilipitisha sheria: kuanzia 2027, marufuku kumwagilia kwa maji ya Colorado majani yaliyopo kwa pambo tu, kama ya kwenye maofisi na kandokando ya barabara. Viwanja vya michezo vimeachwa, na nyumba za familia moja moja pia.

Wapo wanaosema serikali isiingilie ua wa mtu. Mimi nasema ua ni wako, mto si wako. Ningeandika sheria hiyo mimi, hata majumba ya wenye nazo yasingesalimika.

Kwa nini linaniuma? Kwa sababu naishi Dodoma. Kwetu si jangwa, lakini ni nchi kame yenye msimu mmoja wa mvua, na tumezoea kutegemea visima vya Mzakwe. Tangu serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016 majumba yanaota kila kona, na kila jumba linataka ukoka wake. Wiki iliyopita nimepita mtaa mmoja, mpira wa maji unamwaga kwenye majani saa saba mchana. Nje ya geti, mama anasubiri mkokoteni wa madumu.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kwenye hili naomba tuwageuze: mwenzetu ananyolewa, sisi tuache kutia maji. Panda mwembe, panda mkwaju, upate kivuli na tunda. Kung'oa baadaye ni gharama, waulize Las Vegas.

Alamsiki.