Mlango mpya uwekwe, lakini barza isifungwe

Katika wilaya za Kasongo na Kabambare, jamaa ikipata feza kidogo, iwe ya mchele, ya mawese ao ya dhahabu ya Salamabila, kitu kinachobadilishwa mapema nyumbani ni mlango wa mbele. Wa mbao unatolewa, unawekwa wa chuma. Kisha barza inazungushiwa antivoli ao inajengwa matofali mpaka juu, na pale watu walipokuwa wanakaa panageuka chumba cha pikipiki na mifuko. Nyangwe nayo, kule kando ya Lualaba, isipoangalia itafuata njia hiyo hiyo.

Sababu zinaeleweka. Kwa miaka mingi wakaaji wa kusini mwa Maniema wamesumbuliwa na Maï-Maï Malaika na makundi mengine, na wezi wa usiku wameongezea. Mtu aliyelala porini na watoto wake kwa kukimbia milio ya risasi hawezi kuambiwa kwamba mlango imara ni anasa. Tena chuma hakiliwi na mchwa, na fundi wa kuchomelea anakimaliza haraka kuliko seremala.

Lakini inafaa kuuliza mlango huo unalinda nini. Mbele ya watu wenye bunduki, mlango wa bati jembamba haudumu dakika nyingi. Mbele ya mwizi wa kawaida, ulinzi wa kwanza ni macho ya jirani. Barza yenye watu mpaka saa mbili za usiku, kila nyumba ikiona nyumba ya pili, inamzuia mwizi asizunguke bila kujulikana. Barza zote zikifungwa, avenyu inabaki giza na kimya, na mwizi anapata nafasi ya kufanya kazi yake polepole. Ndani ya nyumba iliyofungwa kila upande, hata kelele ya kuomba msaada haifiki mbali.

Nyangwe inajua habari za milango ya kitajiri. Karne ya 19 ulikuwa mji wa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, wa pembe za ndovu na wa watumwa. Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara hao wakifyatulia risasi raia sokoni Nyangwe; kama alivyoandika, Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, wengi wao wanawake waliokuja kuuza. Mali ya Maniema ilibebwa kwa mabega mpaka pwani. Huko Unguja, mtaa wa Shangani, nyumba ya Tippu Tip ingali imesimama, na mlango wake wa mbao za kuchongwa unapigwa picha na watalii. Watu wanaoutazama wanasifu mkono wa fundi. Wachache wanafikiri jasho na damu ya Maniema iliyoulipia.

Kasongo pia ilikuwa na nyumba za fahari. Sidney Hinde, daktari aliyekuwa na jeshi la Dhanis lilipouteka mji huo Aprili 1893, alieleza vitanda vya kuchongwa, hariri, na chumba kirefu chenye mlango unaofunguka kwenye bustani ya machungwa. Nyangwe ilikuwa imetekwa mwezi uliotangulia. Fahari hiyo yote haikuzuia jeshi kuingia.

Kilichodumu mpaka leo ni barza. Pwani, Lamu na Unguja, neno hilo linataja benchi la mawe mbele ya nyumba, na pia mkutano wa wazee. Huku Kongo likawa veranda yenyewe, hata Wabelgiji wakaliingiza katika Kifaransa chao na kuandika « barza ». Na mwishoni mwa miaka ya 1990, Kivu Kaskazini ilipotafuta chombo cha kupatanisha makabila yake, kiliitwa Barza ya Jamii Mbalimbali. Hawakuona neno bora, kwa sababu kila mtu alijua kinachofanyika barzani: mgeni anapiga hodi na kupokelewa kabla ya kuingia ndani, mume na mke waliogombana wanasikilizwa, watu wa matanga wanakaa, mtoto anasoma masomo yake, mama anaweka ligablo lake la chumvi na sabuni. Kuifunga barza ni kuvifukuza vyote hivyo barabarani.

Kwa hiyo mwenye feza ya kutengeneza sura ya nyumba aipange vizuri. Nguvu ya mlango iko kwanza kwenye fremu. Mlango mzito uliobandikwa kwenye matofali mabichi unang'oka pamoja na fremu yake. Fremu inataka vyuma vya kuishika ndani ya ukuta, simenti kuzunguka, na bawaba tatu badala ya mbili. Mti mgumu kama mvule, uliopasuliwa mbao kisha ukakaushwa vizuri kabla ya kutengenezwa mlango, unavumilia mvua za Maniema. Mbao mbichi ndizo zinazopinda na kuwapa maseremala jina baya. Chuma nacho kinaoza chini pale matone ya mvua yanaporuka. Dawa ya vyote viwili ni moja: kizingiti kiinuliwe, na manjanja ya paa yatoke mbele ya kutosha kufunika barza nzima.

Anayetaka chuma akiweke mlangoni na madirishani, si kuzunguka barza. Mbele abakize ukuta mfupi wa kukalia, sakafu iliyoinuliwa hatua moja, na taa ndogo ya jua inayoangaza mpaka kwa jirani. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kujenga ukuta mpaka juu. Mlango wa mbao ukitengenezwa na seremala wa Nyangwe ao Kasongo, feza inabaki hapo hapo, na kijana wa karibu anajifunza kazi. Bidhaa inayoletwa kwa barabara mbovu ya RN2 inaongezeka bei kila mahali gari linapokwama.

Machefu wa avenyu wana neno la kusema hapa. Katika mikutano ya usalama wanazungumzia doria na wageni wasiojulikana. Wazungumzie pia barza. Familia kumi zinazokaa nje jioni, taa zikiwaka, zinafanya ulinzi ambao hakuna fundi anayeweza kuuchomelea.