Siku mbili za mama wa Malaba

Tuseme ni usiku wa Ijumaa pale Malaba. Malori yamepanga foleni ya kuingia Uganda, madereva wamejinyoosha ndani ya magari yao, naye mama mmoja muuza mitumba, mwenye mimba ya wiki 31, anashikwa na uchungu ambao hakuutarajia hadi baada ya miezi miwili. Mumewe anatoka mbio kutafuta bodaboda. (Neno hilo, kama wasimuliavyo wengi, lilizaliwa jirani tu, mjini Busia, miaka ya 1960, vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwavusha watu kati ya vituo viwili vya mpakani.) Mume huyo ana swali moja tu: je, ipo dawa ya kuusimamisha uchungu huu?

Ipo, tena si moja. Lakini msomaji, usidhani kwamba dawa hiyo itaifikisha mimba miezi tisa. Aghalabu hununua siku mbili, na akibahatika mama, juma moja.

Madaktari wamejaribu mengi. Miaka ya 1960 kule New York, daktari Fritz Fuchs aliwatilia akina mama pombe kwenye mshipa, na wala si mzaha. Uchungu ulipungua kwa baadhi yao, lakini mama alilewa na mtoto pia. Zikafuata dawa za jamii ya salbutamoli, hii hii ambayo wagonjwa wa pumu huivuta. Hizo hulegeza misuli ya mji wa mimba lakini huufanya moyo wa mama kwenda mbio, na mara nyingine maji hujaa kwenye mapafu. Mwaka 2013 wakaguzi wa dawa wa Ulaya walipiga marufuku vidonge vyake kwa kazi hiyo, wakaruhusu sindano peke yake, tena kwa muda usiozidi saa 48. Indomethasini nayo hutuliza uchungu vizuri, ila mimba ikishapita wiki 32 inaweza kuufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto.

Leo ushindani umebaki hasa kati ya mbili. Ya kwanza ni nifedipini, ambayo nyanya na babu wengi huimeza kwa sababu ya shinikizo la damu. Huzuia kalsiamu kuingia kwenye misuli, na msuli usiopata kalsiamu haujikazi. Ya pili ni atosibani, inayouzuia mji wa mimba usiitikie homoni ya uchungu. Hii ya pili ni ghali, hutiwa kwenye mshipa, na sharti ikae kwenye friji.

Mwaka 2016 watafiti wa Uholanzi na Ubelgiji walitangaza matokeo ya kuzilinganisha kwa akina mama 510. Watoto waliokufa au kupata madhara makubwa walikuwa asilimia 14 upande wa nifedipini na 15 upande wa atosibani, yaani sare. Kisha mwaka 2025 atosibani ikapimwa dhidi ya dawa bandia isiyo na kitu ndani, na haikuonekana kumfaa mtoto zaidi. Mimi nasema hospitali ya mpakani isijione maskini kwa kukosa ile ya ghali. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2015 lilikuwa limezikataa dawa hizi zote, liligeuza kauli mwaka 2022 likaikubali nifedipini, kwa mimba ya wiki 24 hadi kabla ya kutimia 34.

Sasa, siku mbili ni za nini? Ni za kumsafirisha mama hadi kwenye wataalamu wa watoto wachanga, na ni za sindano nyingine kabisa, deksamethasoni, inayoyakomaza mapafu ya mtoto angali tumboni. Jambo hilo liligunduliwa New Zealand na daktari Liggins, aliyeanza na kondoo; yeye na mwenzake Howie wakatoa matokeo ya akina mama mwaka 1972. Mwaka 2020 utafiti uliofanywa katika nchi tano, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba kati ya watoto waliozaliwa mapema sana, vifo vilikuwa 19.6 kwa kila 100 kwa waliopata sindano, na 23.5 kwa wasioipata.

Hata hivyo kuna utafiti mwingine, wa nchi sita, ambao kwa upande wa Kenya ulifanyika huku huku magharibi, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015. Sindano hiyo ilisambazwa hadi zahanati za vijijini, na vifo vya watoto kwa jumla vikaongezeka badala ya kupungua. Wengi waliodungwa hawakuwa wakijifungua mapema hata kidogo, na maambukizo kwa akina mama yalizidi. Dawa ni ile ile, mahali ndipo palipotofautiana.

Ndiyo maana nawasihi akina baba wa Malaba na Busia wasikimbilie duka la dawa kununua nifedipini kwa kuwa ni rahisi. Huteremsha shinikizo la damu, na mama anaweza kuzirai akiwa juu ya pikipiki. Tena mama mwenye homa, maji yenye harufu mbaya au anayevuja damu huenda hapaswi kucheleweshwa kamwe. Na Busia, kama tujuavyo, ni nchi ya malaria, ambayo yenyewe huleta uchungu wa mapema. Homa haipimwi kwa macho.

Jambo la kubeba usiku huo ni kitabu cha kliniki, kiwe cha Kenya au cha ng'ambo ya mpaka, kwa maana bila kujua wiki hakuna daktari atakayeamua sawasawa.

Tuseme basi mama wetu amefika hospitalini Kocholia, au amepelekwa hadi hospitali ya rufaa mjini Busia, akadungwa sindano ya kwanza saa sita za usiku wa kuamkia Jumamosi. Sindano ni nne, kila baada ya saa 12. Ya mwisho itaangukia Jumapili saa sita mchana, na hadi hapo kazi ya nifedipini ni kuushikilia mlango.